Kizibao Cheupe cha Ijumaa

Pale Calderbridge, klabu ya mpira kaskazini mwa Uingereza, Ijumaa ilikuwa siku ya vita. Kesho yake kulikuwa na mechi, kwa hiyo mazoezi hayakuwa makali. Kocha Wilf Ackroyd alitugawa tu, Waingereza huku na Wageni kule, tukacheza nusu uwanja. Wageni ndio sisi: Waskoti watatu, Mwelshi mmoja, na mimi Fintan Geraghty, kipa kutoka Ayalandi. Waliofungwa waliwapikia walioshinda chai na kuwapelekea mkononi, huku wakizomewa. Mwingereza aliweza kufungwa Jumamosi mbele ya mji mzima akalala usingizi wake, lakini akimpelekea Mskoti chai, siku hiyo chakula hakikumshuka.

Waingereza walivaa vizibao vyeupe, sisi vyekundu. Mwaka wa themanini na moja tulimsajili winga anaitwa Carlton Beckles, na Ijumaa yake ya kwanza Ackroyd alimrushia chekundu bila hata kumtazama.

"Umekosea, kocha. Mimi Mwingereza."

"We vaa, kijana. Usituletee siasa asubuhi yote hii."

"Siasa gani? Nimezaliwa Mtaa wa Mill, hapo nyuma ya goli. Mama akipiga chafya mnamsikia."

Tulicheka wote isipokuwa Ackroyd. "Wazazi wako wametoka wapi?"

"Barbados."

"Haya basi. Vaa."

Alivaa, akawapiga chenga Waingereza mpaka nikawahurumia, tukaletewa chai. Ijumaa iliyofuata alikiokota kizibao chekundu, akakikunja vizuri na kukirudisha kwenye kapu.

"Asiyevaa hachezi kesho," Ackroyd akasema.

"Sawa, kocha."

Na kweli hakucheza. Jumamosi ile alikaa jukwaani na baba yake, dereva wa basi, aliyekuwa amebadilishana zamu ili aje kumwona mwanawe. Wiki iliyofuata ikawa hivyo hivyo, na nyingine tena. Kila Ijumaa Carlton alisimama pembeni na fulana yake, mvua inamnyeshea, mpaka tukamaliza.

Nilikasirika, na hasira yangu ilikuwa na sababu. Mimi nilishuka melini nikiwa mtu mzima na mizigo yangu. Nilitukanwa, ndiyo, na mwaka ule Waayalandi tulitukanwa sana kwa sababu ya mabomu, lakini nikifunga mdomo tu naonekana mwenyeji. Carlton alikuwa na lafudhi ya mji ule kuliko meya wake, na hata akinyamaza, kwa weusi wake walimwambia arudi kwao. Kwao kwenyewe ni hatua chache kutoka kibendera cha kona!

Ikaja droo ya Kombe, tukapangiwa timu kubwa ya London, nyumbani kwetu. Winga wetu wa kushoto alikuwa ameumia goti. Kila mtu alijua nafasi ni ya Carlton akikubali kuvaa chekundu, naye alijua kuliko sisi. McCrindle, Mskoti, mkubwa wetu sisi Wageni, akamfuata kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

"Dogo, mechi kama hii haiji mara mbili. Vaa ucheze. Ni kitambaa tu kile."

"Kama ni kitambaa tu, mbona hanipi cheupe?"

McCrindle akakuna kichwa.

Ijumaa ya kabla ya mechi Carlton alikuja amefunga zipu mpaka kidevuni. Ackroyd alipomrushia chekundu alikiacha kikaanguka matopeni. Akafungua zipu. Ndani alivaa kizibao cheupe pepe, kimeshonwa kwa shuka, maua madogo ya bluu bado yanaonekana kwenye pindo.

"Kimetoka wapi hicho?" Ackroyd akauliza.

"Kwa mama."

"Vua."

"Sivui, kocha."

Akatembea mpaka upande wa Waingereza, akasimama kushoto, mahali pa winga. Hakuna aliyesogea. Ackroyd alikuwa na kipenga mdomoni lakini hakupuliza, na uso wake ulikuwa mwekundu kushinda vizibao vyetu.

"Mechi haianzi mpaka atoke," akasema.

Hapo McCrindle akapaza sauti. "Kocha, huku usimlete. Sisi Wageni tuna heshima zetu, hatuchukui Mwingereza!"

Tulicheka, lakini macho yote yalikwenda kwa Nev Holroyd, nahodha wa Waingereza. Neno lililotakiwa lilikuwa lake. Holroyd alimtazama kocha, akatazama matope, akatema mate.

"Beckles," akasema. "Ubaki kushoto. Ukipoteza mpira, rudi ukabe."

Siwezi kuapa kwamba aliyasema kwa upendo. Walikuwa wamechoka kutupikia chai. Lakini aliyasema, tena mbele ya Ackroyd, na kipenga kikalia.

Dakika ya kwanza tu Carlton alimwacha McCrindle kaketi chini, akaja kwangu, akaupitisha mpira katikati ya miguu yangu. Tulifungwa nne. Mwisho wa mchezo Ackroyd alimpita bila kusimama.

"Kesho uwe hapa saa sita," akasema. "Na hilo shuka likafuliwe."

Zamu ya kupeleka chai ikaniangukia mimi. Waingereza walikuwa wamejipanga kwenye benchi wanapiga meza na kutuimbia upuuzi wao, Carlton katikati yao, shuka la mama yake limejaa matope mpaka maua hayaonekani. Nikasimama mbele yake na birika.

"Sukari vijiko vingapi, Mwingereza mshenzi we?"

Akanisogezea kikombe chake.

"Vitatu," akasema. "Na ukoroge vizuri, mgeni."