Visiki vya Mlima Kagoye

Filamu ilioneshwa saa nane mchana, ndani ya ghala la kahawa la ushirika uliokufa. Ili giza lipatikane, madirisha yalizibwa kwa maturubai ya bluu, yale yale waliyojengea wakimbizi. Mabati ya ghala yalikuwa na matundu ya misumari, kwa hiyo jua lilipenya likatupa madoa meupe juu ya shuka iliyotundikwa ukutani. Nje jenereta ilikuwa ikikohoa. Ndani, watu mia mbili wa Nyakariba walibanana juu ya magunia matupu, wakinuka jasho, moshi na pombe ya rubisi.

Francisca, Mama Jovina kwa majirani zake, alikaa katikati yao, mikono mapajani. Hakuja kwa ajili ya filamu. Alikuja kwa sababu ya maneno aliyoyasema mwenyekiti Anatoli kabla taa hazijazimwa.

"Tutaangalia kwanza, halafu tutafanya mkutano. Ajenda ni moja. Wale waliokaa miguuni mwa Kagoye waondoke, mlima upumzike, tupande miti. Bwana Renatus ametoka wilayani na filamu yake, jana alikuwa Mabawe. Atatuandikia muhtasari, tutapiga kura, basi."

Wale! Anasema wale kana kwamba ni kabila zima limepiga kambi pale. Ni nyumba moja. Ni Irambona, mjane wa Kirundi, aliyevuka mpaka mwaka tisini na tatu na mtoto wake Claudia mgongoni. Kijiji chenyewe ndicho kilichompa kile kipande, na kilimpa kwa sababu kilikuwa mawe matupu, hakuna mwenyeji aliyekitaka hata kwa kufungia mbuzi. Yeye na mumewe Ndikuriyo waliyang'oa mawe yale moja moja. Leo, mwaka elfu mbili na saba, kina maharage, kina migomba, kina hata kaburi la Ndikuriyo kwenye kona. Leo kimeonekana kizuri.

Irambona alikaa karibu na mlango. Ghala lilikuwa limejaa mpaka watu wanakaliana miguu, lakini kushoto na kulia kwake palikuwa na nafasi ya kulaza ng'ombe.

Filamu ikaanza. Alitokea mama mmoja wa Kizungu, aliyewahi kuwa waziri kwao na sasa, Renatus alieleza kwenye kipaza sauti, anagombea tena. Alishuka kwenye ndege, akapanda helikopta, akashuka, akapanda ndege nyingine. Kila aliposhuka alisema dunia inapata joto, na kosa ni la wanadamu wote.

"Wote!" akasema Idefonsi, muuza rubisi, ambaye hajawahi kukaa kimya hata msibani. "Mimi nina baiskeli moja, nayo haina breki. Hebu muulize, hiyo ndege yake inatumia kuni gani?"

Ghala likacheka. Ikaja picha ya barafu ikimomonyoka baharini, na dubu mweupe amekaa juu ya kipande kinachoelea, hana pa kwenda.

"Masikini, naye katoka kwao," akasema Idefonsi. "Mpeni kadi ya mgao! Apewe unga na mafuta ya njano!"

Walicheka mpaka wanawake wakafuta machozi. Speciosa, kiongozi wa kwaya, hakucheka. Alisimama kivuli chake kikaangukia dubu.

"Huu ni uongo wa kututisha. Mungu alimwahidi Nuhu maji hayatarudi. Huyu mama ni nani wa kumsahihisha Mungu? Kura zake akaombe kwao!"

"Kaa chini, shangazi, tunataka kuona!"

Mzee mmoja, mkulima wa kahawa, alijaribu kuwatetea wenye filamu. Alisema kahawa yake imetoa maua mara mbili mwaka jana, na mvua ya Septemba imekuja Novemba, kwa hiyo si kila kitu pale ni uongo. Walimzomea. Wakamuuliza amelipwa shilingi ngapi. Mzee akakunja kofia yake mikononi, na ukweli wake wa maua ukaishia hapo hapo kwenye magunia.

Halafu shuka ikajaa vumbi jekundu, na kicheko kikakatika.

Ilikuwa Kagoye. Ilikuwa Kagoye ya mwaka tisini na tano, imevuliwa nguo. Chini barabarani msururu wa wanawake na mizigo ya kuni kichwani, na sauti ya yule mama ikisema, Renatus akifuata nyuma kwa Kiswahili: "Hapa mamia ya maelfu ya wakimbizi waliimaliza misitu kwa miezi michache. Tazameni wanachoweza kufanya watu wasio na ardhi ya kuipenda."

"Mnaona?" sauti ya Anatoli ikatoka gizani. "Hata Wazungu wanajua."

Vichwa viligeuka mlangoni. Mtu akatema mate. Mwingine akasema kwa Kihangaza neno ambalo halisemwi mbele ya watoto. Irambona aliangalia mbele, kama mtu anayenyeshewa na hana mwavuli.

Francisca hakugeuka. Macho yake yalikuwa yamenasa kwenye shuka. Kamera ilikuwa ikipita juu ya visiki, polepole, kimoja baada ya kingine, na visiki vile alivifahamu kama meno yake.

Mwaka tisini na nne alipata kazi. Shirika moja lilimpa ndoo ya rangi nyeupe na brashi, likamwambia: wewe ni mwenyeji, miti unaijua. Mti wenye thamani uvishe pete ya rangi. Mti wenye pete haukatwi na mtu yeyote, usio na pete wakimbizi watajikatia kuni. Kazi rahisi. Alipofika juu ya Kagoye, kwenye mininga ambayo watu wawili hawawezi kuikumbatia, alimkuta Anatoli anamsubiri. "Hii ya juu usiipake," alisema. "Imeingiwa na wadudu." Francisca aliigonga kwa kisu, akaona ni mizima. Aliitazama, akamtazama mwenyekiti, akafunika ndoo yake, akashuka. Baada ya wiki lori likapanda. Mwaka ule malori yalikuwa mengi kuliko mbuzi, nani angeuliza? Mbao zikaenda kuwa milango na meza za wakubwa. Waliokaa kuhesabu vijiti vya wakimbizi walikaa juu ya viti vya mninga wa Kagoye.

Filamu ikaisha kwa muziki wa huzuni. Maturubai yakavutwa, watu wakapepesa macho.

"Sasa," alisema Anatoli akisugua viganja, "shahidi si mimi tena. Anayekubali Kagoye iachwe ipumzike, anyooshe mkono."

Mikono ikaanza kupanda.

"Bwana Renatus," Francisca akasema. Alisimama. "Bwana Renatus, naomba uirudishe."

"Nini, mama?"

"Filamu. Pale penye visiki."

"Mama Jovina, tuko kwenye kura," akasema Anatoli.

"Mimi nimeona kidogo tu. Macho yangu mabovu. Irudishe."

"Irudishe bwana!" Idefonsi akadakia. "Tumeangalia dubu, tushindwe kuangalia kwetu?"

Renatus alikuwa kijana wa ofisini aliyezoea kuombwa soda, hakuwahi kuombwa marudio. Akafurahi. Maturubai yakarudishwa, jenereta ikakohoa, na Kagoye ikatokea tena, tupu. Francisca aliruka miguu ya watu mpaka mbele.

"Isimamishe. Hapo." Akaweka kidole juu ya shuka. "Hiki kisiki, nyie mnaojua kukata miti, kimekatwa na nini?"

Kisha mpasua mbao mmoja wa Bisibo, aliyeoa hapo kijijini, akasema kutoka nyuma: "Msumeno. Ule mrefu, wa watu wawili."

"Umejuaje?"

"Si kimelala kama meza? Panga linatafuna. Mtu wa panga anakata hapa," akajipiga kiunoni, "anaacha kisiki kimechongoka."

"Nani kati yenu alimwona mkimbizi na msumeno wa watu wawili? Walifika na masufuria. Mama Claudia, wewe ulikata miti?"

Irambona aliinuka pale mlangoni. "Nilikata," akasema. "Vijiti nilikata, na matawi. Mtoto angekula maharage mabichi? Lakini ile mikubwa sikuigusa. Ningeigusa na nini?"

"Mikubwa ilikuwa ya kupakwa pete," alisema Francisca. "Mpakaji wa pete nilikuwa mimi. Sikuipaka. Niliambiwa nisiipake, na aliyeniambia ni huyu." Akamwelekezea kidole mwenyekiti. "Akaniambia ina wadudu. Lori la wadudu hao nililiona kwa macho yangu likishuka."

Ghala likalipuka. Wengine walisimama, wengine walikuwa wakivutana mashati.

"Mwongo huyu! Ametumwa na Warundi!"

"Mwenyekiti ajibu!"

Anatoli hakupaza sauti. Alisubiri, akatabasamu, kisha akauliza kwa upole wote wa mtu aliyekaa madarakani muda mrefu: "Mama Jovina, nyumba yako ina mabati kumi na mawili. Waambie wenzako uliyapata wapi."

Hapo ndipo palipokuwa na mfupa wenyewe. Kwa miaka kumi na mitatu Francisca alikuwa akisema mabati yale yaliletwa na kaka yake wa Mwanza. Alimtazama Speciosa, ambaye siku ya kuezeka alikuja kuombea nyumba ile.

"Kwako, mwenyekiti," akasema. "Yalipanda na lori lile lile. Nikayapokea, nikayalalia, nikayanyamazia. Andika, Bwana Renatus. Si ulikuja kuandika muhtasari? Andika na mimi nilikula."

Renatus alikuwa ameshaweka kofia kwenye kalamu. Alisema jambo hili sasa limekuwa zito, kura haiwezi kupigwa, hoja inaahirishwa mpaka wilaya itoe maelekezo. Alikunja shuka haraka haraka kama mtu anayeanua nguo mvua ikija. Anatoli alimkumbusha kwamba yeye ndiye mwenyekiti wa mkutano. Renatus akasema ndiyo, mheshimiwa, akaendelea kukunja.

Hakuna aliyesema Irambona abaki. Hakuna aliyemwomba radhi. Watu wa Nyakariba walitoka wakigombana, nusu wakimtukana mwenyekiti, nusu wakimtukana Francisca, na wote kwa pamoja wakimtukana mama wa helikopta, ambaye alikuwa amekuja kuwakoroga na wala hakufika. Speciosa alimpita Francisca bila kumsalimia, akakusanya kanga yake isimguse.

Francisca alimfuata Irambona barabarani. Alimkuta anatembea polepole, kama anayemsubiri, lakini hakusimama.

"Mama Claudia. Shamba lako halijaguswa. Msimu huu utavuna."

"Nimesikia."

"Wakirudi tena, nitasema tena."

Irambona alisimama sasa. Alimwangalia mwenzake kuanzia miguuni hadi kichwani.

"Kisimani walikuwa wakimwaga ndoo yangu," akasema. "Wakisema, wewe umekula mlima wetu, kunywa vumbi. Wewe ulikuwa nyuma yangu kwenye foleni."

"Nilikuwepo."

"Ndikuriyo alipigwa mawe kwa ajili ya miti ile. Mguu ule ndio uliooza. Ulikuja kwenye maziko na sufuria la ugali."

 

"Ulikuwa ukinisalimia kila asubuhi," akasema Irambona. "Umeamkaje, Mama Claudia, mtoto hajambo, Mama Claudia. Kwa sauti nzuri kabisa."

"Ndiyo."

"Basi kesho usinisalimie."

Akashika njia ya Kagoye. Palizi ya maharage ilikuwa imechelewa kwa sababu ya mkutano, na jua lilikuwa bado liko juu.