Sanduku la Kura Lililokwenda kwa Frosia

Frosia aliposikia kwamba asiyeweza kutembea hupelekewa sanduku la kura hadi nyumbani, aliyatazama magoti yake kama mtu anayetafuta kasoro kwenye ng'ombe wa mnadani. Hayakuwa na kasoro. Jana yake tu yalikuwa yamempandisha kilima na ndoo mbili za maji.

Lakini nyumba, jamani, ilikuwa kimya. Mumewe alikwishazikwa. Aurika, binti yake wa pekee, alikuwa Italia akimtunza bibi mmoja aitwaye Ines. Pale kijijini kwao, Moldova, nyumba za kufuli zilikuwa nyingi kuliko zinazotoa moshi. Tangu Pasaka hakuna aliyevuka kizingiti cha Frosia. Hakuwa na haja ya rais huyu wala yule. Alitaka watu waingie, waketi, wale, waseme.

"Jumapili utapiga kura?" alimwuliza Aurika kwenye simu.

"Nikipata wa kukaa na Bibi Ines, mama. Kituo chetu kiko mji wa pili, na foleni yake ni ya kutwa."

"Si uende naye, na yeye apige?"

Aurika akacheka. "Ampigie nani, mama? Huyu ni Mtaliani. Na hata wao wenyewe rais hawamchagui. Anachaguliwa na wabunge."

"Ati nini? Na mwananchi je?"

"Mwananchi anachagua wabunge, basi. Wao wanajifungia, wanaandika jina kwenye karatasi, halafu mmoja anazisoma kwa sauti, moja moja. Asipopatikana mtu, wanarudia tena na tena, siku nenda siku rudi. Wengine wanaandika majina ya wacheza mpira."

"Watu wazima hao!"

"Wenye mvi, mama! Na Bibi Ines hataki nizime televisheni. Anasikiliza majina tu, akisinzia. Anasema nyumba ina watu."

"Basi sisi tumewazidi. Kwetu sanduku linakufuata mpaka kitandani."

"Linawafuata wagonjwa, mama."

"Ndiyo. Wagonjwa."

Simu ilipokatika, akampigia Ilarion, mwenyekiti wa kituo cha kura, akamwambia mguu umekataa.

Jumapili aliamka kabla ya majogoo. Alikifungua kile chumba kikubwa cha wageni ambacho hakijawashwa jiko tangu matanga ya mumewe, akatandika zulia zuri, akakaanga mikate ya jibini na viazi, akateremka mwenyewe kwenye ghala la chini ya nyumba kuteka divai mapipani. Aliposikia mbwa anabweka, akaukunja mguu juu ya kigoda.

Ilarion aliingia na sanduku kifuani, nyuma yake Zina, jirani wa chini ya kilima, msaidizi wake kituoni.

"Shangazi Frosia, pole. Mguu gani?"

"Huu." Akagusa wa kulia, ingawa aliokuwa ameukunja ni wa kushoto.

Ilarion aliutazama mguu, akaitazama mikate. Akampa karatasi na muhuri wa kugongea kura, akageuka ukutani. Frosia alitafuta jina polepole, kama asiyejua kusoma, ili wakae. Mwishowe akagonga, akatumbukiza.

"Haya, ketini sasa. Ya moto hii."

"Shangazi, tuko kazini. Nikila kwako, kesho watasema umenihonga kwa jibini."

"Glasi moja tu, Ilarion. Mimi nilikubeba mgongoni wewe!"

"Ndiyo maana maumivu ya mgongo yamehamia mguuni," akasema Zina, wakacheka wote watatu. Kisha wakatoka. Divai haikuguswa. Frosia alisimama mlangoni kwa miguu yake yote miwili, akawatazama mpaka kona.

Mama mwenzangu unayesoma, uongo kama huu hauishii mlangoni. Zina ana dada Italia, akamsimulia, na habari ikakua njiani. Kabla ya jua kuzama, Aurika alikuwa ameambiwa kwamba mama yake hainuki tena, hata kura imepelekwa kitandani. Hakupiga simu, maana aliogopa kudanganywa kwamba ni mzima. Alitoka kwenye foleni ya kura akiwa karibu kuingia, akampigia mtoto wa kiume wa Ines aje kwa mamake, akapanda basi dogo la kwenda kwao.

Siku ya tatu alimkuta Frosia kisimani, anavuta kamba.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliketi kwenye kile chumba kikubwa na koti lake mwilini, akala mkate mmoja uliobaki tangu Jumapili, akasema, "Bibi Ines amepelekwa nyumba ya wazee. Mwanawe hakuweza kukaa naye. Alikuwa analia, ananiuliza narudi lini."

"Sikujua, mwanangu."

"Ulitaka nini, mama?"

"Watu waje."

Aurika alirudi Italia siku iliyofuata kutafuta bibi mwingine wa kumtunza. Mlangoni alimbusu mamake upande mmoja tu wa uso.

Duru ya pili ya uchaguzi ilipofika, hakuna aliyeuliza kama sanduku lipelekwe. Frosia alikwenda kwa miguu hadi shuleni, kwenye kituo cha kura, njia nzima chini ya macho ya watu. "Shangazi kafufuka!" mmoja akasema kwenye foleni. Akapiga kura, akarudi nyumbani. Ngazi ya nyumba yake ilikuwa na barafu nyembamba. Akateleza, goti likagonga jiwe, akajiburuta ndani kwa viganja.

Goti lilikuwa limevimba kama kabichi simu ilipolia.

"Umepiga kura, mama?"

"Nimepiga."

"Kwa miguu yako?"

Akashika goti. "Kwa miguu yangu."

"Una neno lingine?"

Neno la goti lilimfika mdomoni. Alijua litakavyosikika kule.

"Sina, mwanangu. Nenda kazini."

Akanyoosha fimbo ya kuchochea jiko, akabonyeza nayo televisheni. Mtangazaji alikuwa anataja wilaya moja moja, wangapi wamekwishapiga kura. Frosia akaongeza sauti, akailaza shingo, akasikiliza majina.