Siku Mzee Thuo Aliposhika Jembe

Haya niliambiwa na Nanyama mwenyewe, Oktoba 2007, alipokuja kunisalimia hapa Free Area akaniletea mahindi mabichi. Nikamuuliza, mbona kwako kuna mahindi na Ndabibi nzima inalia njaa? Akacheka kwanza, ndipo akakaa.

Huko kwao watu hawaangalii mawingu. Wanamwangalia Mzee Thuo. Zamani alikuwa akisoma kipima mvua katika shamba la mzungu, kwa hivyo siku akipanda, wote wanapanda. Nadhani hata mbinguni walikuwa wanamngoja.

Mwaka huo Machi ikaisha bila tone. Zamani mvua ilijua tarehe yake. Siku hizi imekuwa mheshimiwa, unaialika na haiji. Nanyama alikuwa na pakiti moja tu ya mbegu. Ikiharibika hakuna nyingine, na watoto wake wanne wangekula hadithi mwaka mzima.

Aprili, usiku mmoja, yakapita manyunyu ya kulowesha vumbi. Asubuhi Mzee Thuo akaonekana kwa mbali, ameinama na jembe. Kufikia saa nne kijiji chote kimeinama. Sitati, mume wa Nanyama, hata chai hakumaliza. Walipotia punje ya mwisho, Nanyama akaenda kumshukuru mzee.

"Mzee, tumekufuata. Wewe umepanda mbegu gani?"

"Kupanda? Mimi nachimba choo. Kile cha zamani kimejaa." Akaegemea jembe. "Lakini nimewaona mkipanda, nikasema hawa wamesikia kitu kwa redio. Nilitaka nimalize hapa, nami nipande."

Nanyama akarudi mbio. "Baba Shantel, tuzifukue!"

"Mbegu ni maiti? Watu wote wakosee, wewe peke yako ndiye profesa?"

"Basi kaa."

Akakaa juu ya ndoo, aone vizuri mke wake akiaibisha ukoo.

Mbegu ya dukani imepakwa dawa nyekundu, haijifichi udongoni. Nanyama akafukua shimo baada ya shimo. Jirani yake Wangui akapita njiani, akasimama.

"Mama Shantel, kumbe mavuno yameanza?"

"Yameanza. Lete gunia."

Jua likachoma wiki tatu. Mbegu za majirani zilichipuka, zikachungulia, zikaona hakuna maana, zikafa. Mvua yenyewe ikaja katikati ya Mei, haikumuuliza mtu, wakati Mzee Thuo, aliyewafuata akapanda zake zikafa pia, hana hata punje ya kuonyesha watu mfano. Nanyama akangoja siku mbili mpaka udongo ukalowa chini kabisa, akapanda. Sitati alikuwa nyuma yake akifunika mashimo, mpole kama shemasi.

Jioni, mvua ikipiga mabati, Sitati akaosha mikono akasema, "Unaona sasa? Si nilikuambia tusiwe na haraka?"

"Uliniambia, baba Shantel. Kula ulale."

Akala, akalala. Nanyama akasikiliza mabati kidogo, naye akalala.