Walisema Anatania

Hapa Kiwangwa mabomba yote hufunguliwa kutoka kibanda kimoja cha koki, kila bomba na koki yake, na ufunguo wa kibanda unalala kwenye mfuko wa kanzu ya Bwanausi, mwenyekiti wa kamati ya maji. Bwanausi ni mdogo wake marehemu mume wangu. Kwangu ni shemeji, kwa mjukuu wangu Hafidha ni babu. Katiba ya kamati inasema mwenyekiti akae vipindi viwili. Alivimaliza, akataka cha tatu. Bustani yake ya nyanya hainyauki. Sisi wa kitongoji cha chini tunangoja atukumbuke.

Hafidha anasomea ualimu, somo la uraia. Alikuja likizo, tukawa tunamenya muhogo, akanihadithia habari za Wamarekani wa zamani.

"Bibi, walimkataa mfalme, wakaogopa wasije wakajitengenezea mwingine. Wakagawa madaraka: huyu atunge sheria, huyu aitekeleze, huyu ahukumu, kila mmoja amchunge mwenziwe. Na kiongozi wao wa kwanza, vipindi viwili vilipokwisha, akarudi zake shambani. Wala hapakuwa na sheria ya kumtoa."

"Sasa kilimtoa nini?"

"Kuona haya tu, bibi. Walijua wenyewe, watu wakikosa haya, jamhuri inabaki karatasi."

"Na hilo shamba alilorudia, alikuwa akililima nani?"

Kisu kikasimama. "Watumwa."

"Basi usinipambie. Mimi ni mtu wa Bagamoyo, habari za minyororo sihadithiwi. Lakini hilo la kuondoka kwenye kiti, hilo zuri. Kaliseme mkutanoni."

Mkutano wa kumchagua mwenyekiti wa maji ulikuwa siku hiyo baada ya alasiri, darasani pale shuleni. Hafidha akasimama, akawaamkia wakubwa, akaitikiwa vizuri.

"Babu, vipindi vyako vimekwisha. Tunakuomba uache kiti. Na ufunguo akae nao mtu mwingine, asiwe mwenyekiti, mpate kuchungana."

Bwanausi akavua miwani, akaifuta taratibu. Kwetu babu na mjukuu ni watani, babu humwita mjukuu wake mke.

"Jamani, mke wangu anadai talaka hadharani! Nimekunyima nini, mwanamke?"

Darasa zima likaangua kicheko.

"Babu, mimi sitanii."

"Hata mimi sitanii. Hizo kanga unazotaka nitakununulia."

"Kaa chini, bi harusi!" alipiga kelele Ashatu, jirani yangu, ambaye juzi tu alikuwa analia barazani kwangu kwa kukosa maji ya kumwoshea mgonjwa wake.

Nikaona nisimame mwenyewe. "Bwanausi, mtoto anasema kweli. Ondoka."

"Ehe! Na shemeji naye ana wivu! Kumbe mnanigombea?"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Shemeji naye ni mtani, nilikuwa nimesahau.

Nikamtazama Twalha, katibu, aliyeiandika ile katiba kwa mkono wake. Twalha amemwoa binti wa Bwanausi, na mkwe hambishii baba mkwe mbele za watu. Alikuwa ameinama, anatazama viatu vyake. Basi aliyeruhusiwa kusema alichekwa, na ambaye wasingemcheka hakuruhusiwa kusema. Mikono ikanyooshwa juu, na kipindi cha tatu kikapita.

Asubuhi bomba la kwetu likatoa maji, la kwetu peke yake. Zawadi ya mke. Hafidha hakujaza hata kikombe, akapita nyumba kwa nyumba: "Njooni mchote, haya ni ya wote." Wakaja na ndoo zao. Ya pili haijajaa, maji yakakatika.

"Umemuudhi," Ashatu akamwambia. "Nenda kamtake radhi babu yako."

"Bi Ashatu, maji si yake. Twendeni wote tukaudai ufunguo."

"Tukaudai? Wewe likizo ikiisha unapanda gari, unakwenda zako. Sisi tutabaki na nani?"

Wakanong'onezana, kisha wakaondoka wote kuelekea kwa Bwanausi. Nikafurahi, nikajua wamekubali. Hafidha akavaa ndala, akawakimbilia.

Alirudi peke yake. Walikuwa wamekwenda kumwombea yeye msamaha. Walikaa chini uani kwa Bwanausi wakasema mtoto huyu ni mdogo, ameharibiwa na masomo, na Bwanausi akawasamehe. Kabla ya adhuhuri mabomba yote ya kitongoji cha chini yalikuwa yanatoa maji, na watu wakawa wanamsifu kwa roho yake nzuri. La kwetu lilibaki kavu.

Jioni Hafidha alichukua ndoo akaenda kwa Ashatu. Ashatu alimpokea vizuri sana. Akamtandikia mkeka, akamwambia akae angoje kidogo, ampigie kwanza Mwenyekiti simu, amuulize kama ruhusa ipo.