Maji Moto ya Mzee Katembo

Kitendawili nitakachowategea si changu. Mwenyewe amekufa, na alikufa kabla sijampa jibu.

Fundi wangu anashona nyumba, na sindano yake ni mtoto wake.

Aliyenitegea ni Mzee Katembo, jirani yangu hapa Luzira, akiwa juu ya ngazi kwenye mwembe wake wa kwanza, ule wa karibu na lango. Alikuwa Mnande wa Butembo, kule Kongo, mrefu, mwenye kifua kibovu. Ujana wake aliumalizia kunyunyizia kahawa ya watu dawa, bomba mgongoni na pua wazi, na kifua hakikusahau. Alipofika Kampala akakodi shamba la Jalia, mteremko wenye miembe kumi na mmoja, unaotazama ziwa upande huu na ukuta wa jela upande ule. Akaapa kwamba tone la sumu halitaingia humo. Wanunuzi wake walikuwa watu wa matunda yasiyo na dawa, na walimwamini.

Nilijaribu kukitegua. Nikasema cherehani, nikasema mkunga, nikasema hata mchungaji wa kanisa letu, akacheka. Niliposhindwa nikampa mji, kama ilivyo desturi. Nikampa Mombasa, akaikataa. Nikampa Kisumu na Mbale, nikamwongezea Kampala na vilima vyake vyote. Akasema kitendawili hiki hakinunuliwi kwa mji, kinajibiwa kwa macho.

Mambo yake mengine nayo yalikuwa ya kufumba. Alifunga kamba kutoka mti hadi mti, miembe yote kumi na mmoja ikashikana mikono. Nikamwuliza kamba za nini. Akasema ni barabara. Nikamwambia barabara zake hazina hata bodaboda moja, akacheka mpaka akakohoa. Na kila alipotaka kupanda mti alijipaka majivu mikononi. Nilidhani ni mambo ya kwao.

Alikufa mwezi wa pili. Mkewe Kavugho alikuwa upande mmoja wa kitanda, mimi upande wa pili. Alifungua macho akatutazama sote wawili.

"Muweke maji moto," alisema. "Maji moto yasikose mitini."

Akayarudia, kisha hakusema tena.

Baada ya matanga Kavugho aliniambia kitu ambacho hakikumpa usingizi. Huko kwao, alisema, hakuna anayesema maji moto. Wao husema *mayi ya moto*, na mumewe alisema hivyo maisha yake yote.

"Sauti ilikuwa yake, dada," alisema. "Ila ulimi haukuwa wake. Nani alikuwa anasemea mule ndani?"

Mimi ni mtu wa Bungoma. Maji moto nayataja kila asubuhi nikitaka chai, kwa hiyo sikuwa nimesikia ajabu lolote. Nikamtuliza kwamba mtu akikaribia kule ulimi hulegea. Laiti ningenyamaza nikafikiri.

Neno la marehemu ni wasia. Tukabandika masufuria mawili makubwa, tukachemsha, tukaanza kumwaga kwenye mashina. Miti ile ilikuwa na chungu wekundu, wale wenye miguu mirefu, na walituteremkia kwa hasira, wakatuuma mpaka kwenye kope. Kavugho akasema basi ni hawa, hawa ndio adui ambao mzee alitaka wachomwe. Iliingia akilini. Tukafunga kopo kwenye ufito mrefu, tukawamwagia hadi kwenye viota vyao, yale mafungu ya majani juu matawini.

Hapo ndipo niliposikia ile mvua kwa mara ya kwanza.

Jua lilikuwa utosini. Kopo la kwanza lilipogonga kiota, mwembe mzima ukaanza kunyesha, ta-ta-ta-ta juu ya majani, kama manyunyu ya masika. Nikanyoosha kiganja, kikabaki kikavu. Sauti ikahamia mti wa pili, ikahamia wa tatu, ikifuata kamba za mzee kama habari ya msiba inavyopita nyumba kwa nyumba. Tukaendelea kumwaga. Siku ya tatu kukawa kimya. Kimya kile nilikisikia kwenye meno.

Mti mmoja tu hatukuufikia, ule wa kumi na moja penye ukuta wa jela, kwa sababu mteremko pale ni mkali na magoti yangu si ya kubeba sufuria. Kavugho akazifungua kamba zote azitumie kuanikia nguo. Fundo la kamba iliyokwenda kwenye mti ule wa mwisho lilimkatalia, akaikata kwa kisu, ncha zikabaki zinaning'inia huku na huku.

Mwezi wa sita maembe yaliiva, mazuri hata ungeona aibu kuyala. Nikachukua moja kubwa, la manjano, lisilo na kovu, nikalipasua kwenye sahani. Nyama yake ikapumua. Ilipanda, ikashuka, na nilipoinama kutazama, ilikuwa imejaa funza weupe wanaopishana. Nikapasua la pili, na la tatu. Ndani ya mti wote hakukuwa na embe lililokuwa peke yake. Inzi wa maembe walikuwa wametaga katika kila moja, na hakuna aliyewafukuza.

Wanunuzi wakaondoka na makreti matupu. Tukayafukia maembe kwenye shimo la kina cha goti, tukakanyaga udongo. Baada ya siku kama kumi nikapita pale asubuhi nikaona udongo unachezacheza wenyewe. Inzi wadogo walikuwa wanachipuka kutoka ardhini, mmoja mmoja, wanakausha mabawa na kuruka kurudi mitini.

Jalia, mwenye shamba, akaja na mwavuli wake. Ni Muganda, si mtu mbaya.

"Nyabo, hii miti inareta inzi mpaka kwa jikoni yangu," alimwambia Kavugho. "Piga dawa."

Kavugho akasema mumewe alikufa na dawa kifuani, na hataiweka dawa hiyo mitini kwake. Jalia akafikiri, akasema atangoja maembe ya Disemba. Atakuja mwenyewe, atachuma kwa mkono wake, atakata. Akiona funza hata mmoja, atakata na miti, ajenge vyumba vya kupangisha, vile ambavyo hapa tunaviita mizigo.

Mngemjua Kavugho mngeelewa kishindo cha neno lile. Mumewe tulimzika mbali, kwenye makaburi ya watu wasio na ardhi, ambako kila juma kuna jirani mpya. Kaburi lenyewe lilikuwa miti ile. Aliisalimia asubuhi kwa Kinande, akiipitia mmoja mmoja.

Kisha mwezi wa nane mvua ikarudi.

Ilianza saa sita mchana, siku isiyo na wingu. Tulikuwa tunachambua maharage tukasikia, ta-ta-ta-ta, kutoka kwenye mwembe wa kwanza, ule ambao ngazi ya mzee ilikuwa bado imeegemea. Tukaenda chini yake. Viota vilikuwa vikavu, kahawia, vitupu tangu siku ile ya maji. Hakukuwa na hata chungu mmoja kwenye shina. Na majani yalikuwa yananyesha juu ya vichwa vyetu. Nikaweka mkono kwenye ngazi, nikahisi mti unatetemeka kidogo, kama mtu anayejizuia kukohoa.

Ikawa kila siku, saa ile ile. Kavugho akaacha kuanika nguo kwenye kamba, kisha akaacha kuisalimia miti.

"Analia," aliniambia. "Tulimchoma, dada, na yeye alituomba kitu kingine. Afadhali Jalia akate hata kesho, mzee apumzike."

Nilimwomba anipe juma moja. Sikujua nitafanya nini nalo.

Siku ya nne nikateremka Port Bell kununua mukene, hao dagaa wetu. Pale kuna mwanamke wa Mwanza anaitwa Lailah, aliyekuja na meli za kuvusha mabehewa ya reli akaolewa asirudi. Ulimi wake ni mtamu na mdomo wake hauna breki. Siku hiyo alikuwa ananitania kwamba samaki wake wana meno mengi kuliko mimi. Nikamsimulia, ili tu nipunguze mzigo, habari ya mwembe wenye mvua na maneno ya mwisho ya mzee. Akasimamisha kikombe chake cha kupimia hewani.

"Huyo mzee alikaa na watu wa kwetu?"

Nikakumbuka. Alipofika Kampala, kabla ya shamba, Katembo alipakia mabehewa hapo bandarini pamoja na marehemu mume wangu na mabaharia wa Mwanza.

"Bibi," alisema Lailah, "kwetu majimoto ni wadudu. Ni chungu wekundu wa mitini. Akikuuma unaona umemwagiwa maji ya moto, ndiyo sababu ya jina. Mwenye miembe anawatunza kama askari, inzi hatui, kunguni wa matunda hasogei. Anawafungia na kamba wapate njia. Wakitishwa wanagonga majani, unadhani ni mvua." Kisha akanitazama usoni. "Usiniambie mliwamwagia maji."

Sikumwambia. Akanichotea mukene, akaongeza kikombe cha pili bila kuulizwa, kama mtu anavyompa mfiwa. Akanieleza kwa sauti ya chini jinsi ya kuwahamisha. Nisichanganye koo mbili, wataangamizana. Nichukue viota vya mti mmoja, asubuhi kungali na baridi, nivifunge kwenye miti mingine, na nirudishe kamba.

Nilipanda kile kilima kama msichana. Nilipomweleza Kavugho, aliketi chini pale pale alipokuwa. Ulimi wa mtu mwingine ulikuwa ulimi wa mabaharia wa Mwanza, basi. Mzee alituachia jina, na sisi tukalichemsha.

Tulikwenda kwenye mti wa kumi na moja. Mvua sasa ilikuwa inanyesha kwenye miti yote, mbele yetu na nyuma yetu. Pale kamba ilipokatwa, Kavugho akanishika mkono.

"Nani ameiunga?"

Kamba ilikuwa nzima. Ncha mbili zilizokuwa zinaning'inia, zikiachana kiasi cha mkono wangu, zilikuwa zimekutana. Nikavaa miwani, nikasogea, na kamba ikapumua.

Walikuwa wao. Walikuwa wameshikana viuno, mmoja kwa mmoja, daraja la chungu hai kutoka ncha hadi ncha, na juu ya migongo yao wengine walikuwa wanapita kwenda mti wa kumi. Kila anayepita alibeba mdomoni kitu cheupe kama punje ya wali. Tukawafuata kwa macho. Upande wa pili majani mabichi yalikuwa yamekunjwa nusu. Safu ya chungu ilikuwa imeyashika kingo mbili, inavuta, na wengine walikuwa wanaleta zile punje. Wakaigusisha punje jani hili, wakaigusisha jani lile, hili, lile, na kutoka kinywani mwa punje ukatoka uzi mweupe mwembamba.

Punje zile ndizo watoto wao. Mtoto anatoa uzi aliotakiwa kujifunikia yeye, nyumba ikashonwa, yeye akabaki bila blanketi.

"Majimoto," nikauambia mti. "Jibu ni majimoto, mzee."

Mvua ikakatika, miti yote kwa pamoja, kama bomba lililofungwa.

Tulisimama. Mkitaka ukweli, tulikuwa tunangoja, sote wawili, kwa sababu desturi ni kwamba aliyetega ndiye anayesema umepata. Upepo wa ziwa ulipita. Hakuna aliyesema. Kavugho ndiye aliyetamka neno, na halikuwa habari ya chungu.

"Pélagie," alisema.

Binti yao. Aliacha shule ya uuguzi akaenda kufanya kazi za nyumba za watu ili wazazi wapate kulikodi shamba hili. Hajarudi shuleni mpaka leo. "Mzee alikuwa anasema juu yetu," alisema Kavugho. Jioni ile alimpigia simu, wakaongea mpaka chaji ikaisha.

Tulijipaka majivu mpaka mabegani, chungu wasitupande. Tulihamisha viota sita, asubuhi tatu, wakatuuma bila kinyongo. Kamba zikarudi mitini, nguo zikaanikwa kwenye ua. Embe lililoanguka hatukulifukia tena bali tulilifunga kwenye mfuko mweusi juani mpaka kila kilichokuwemo kikaiva. Majimoto wakaingia mti baada ya mti, isipokuwa mmoja. Mwembe wa kwanza, wenye ngazi, waliukataa. Tuliwafungia viota mara mbili, na mara mbili wakahama kwa kamba kurudi wa pili. Tukabaki tunauombea.

Disemba Jalia alikuja na mwavuli na kisu cha jikoni. Tulimkaribisha tukimwelekeza juu, kwenye miti ya nyuma, lakini yeye si mtu wa kutembea mteremko. Akasimama hapo hapo langoni, akanyoosha mkono kwenye mwembe wa kwanza, akachuma embe lililomfikia. Kavugho akafumba macho. Mimi sikufumba.

Akalipasua. Nyama ilikuwa tulivu, ya dhahabu tupu. Akapasua la pili, la tatu, akawa anakula sasa, juisi inamtiririka mpaka kwenye kiwiko.

Na juu yetu, kwenye mti usio na chungu hata mmoja, ikaanza, taratibu, ta-ta-ta.

Jalia akatazama juu, akafungua mwavuli wake katikati ya jua kali, akangoja. Baada ya kitambo akatoa kiganja nje, akakitazama. Kilikuwa kikavu. Akatutazama sisi, akaitazama ngazi, akafunga mwavuli polepole.

"Kale, sawa," alisema. "Miti ibaki."

Akaondoka. Ngazi tumeiacha pale pale.