Kilo Sufuri za Muhuru

Kuna ukweli ambao watu wa Migori wanaujua, ila wanaona haya kuukiri mbele yangu: kutoka daraja la mjini hadi mpaka wa Isebania, hakuna kompyuta iliyowahi kunishinda. Kompyuta zenyewe zilikuwa tatu, nakubali, na moja ilikuwa imekufa. Lakini ushindi ni ushindi.

Mwaka huo wa 1996 nilikuwa karani katika ofisi ya kuchapa barua nyuma ya stendi. Nyuma yangu, mgongo kwa mgongo, alikaa Edith na taipureta yake. Tulisoma naye chuo cha taipu kule Homa Bay. Alinipita kwa kasi, kwa usafi wa kazi na kwa tabia. Kompyuta nilipewa mimi kwa sababu nilimwambia mwenye ofisi kwamba naijua. Naijua, maana yake nilikuwa nimewahi kuiona.

Ijumaa moja, saa nne asubuhi, Bwana Maranga aliingia na rundo la fomu. Yeye alikuwa ofisa wa shirika lililosaidia vikundi vya kina mama ziwani. Nyuma yake akaingia Mama Milka, mwenyekiti wa kina mama wa Muhuru Bay wanaokausha omena, dagaa wa ziwani, kitenge kimefungwa kiunoni kama mtu anayekwenda vitani.

"Javan," Maranga akasema, "boti yenye injini inatolewa leo Homa Bay, saa nane. Kikundi kilichokausha omena nyingi zaidi ndicho kitachukua. Nataka orodha saa tano, nipate kuondoka."

"Saa tano ni mbali, mzee. Ningekuletea saa nne na nusu, ila sitaki ujisikie vibaya."

Mama Milka hakucheka. "Kijana, sisi tunakodi boti za watu. Mwenye boti ndiye anaamua nani auziwe omena, nani arudi na beseni tupu. Fanya kazi."

Nikafanya. Vikundi ishirini na viwili, vidole vinaruka kama omena kwenye wavu. Nikaiamuru mashine ipange kilo kutoka juu kwenda chini. Kisegi, 1105. Muhuru Bay, 1240. Karungu, 985. Nikajipigia makofi.

"Yawa!" Mama Milka alikuwa ameinama juu ya bega langu. "Tangu lini elfu moja mia moja na tano ikaipita elfu moja mia mbili na arobaini?"

Nikatazama. Kweli, Kisegi walikuwa juu. Jasho likanitoka, lakini mdomo wangu haujui kutoa jasho.

"Mama, hilo ni jambo dogo la kitaalamu. Hii safu ya kilo niliitengeneza kama safu ya maandishi. Kwa hiyo mashine haioni kilo, inaona herufi tu, inazilinganisha moja moja kutoka kushoto. Nitatumia amri inayoitwa VAL. Inachukua maandishi na kuyageuza yawe namba kamili, za kujumlishwa na kupangwa."

Nyuma yangu taipureta ikanyamaza. "Hata kwa maandishi," Edith akasema bila kugeuka, "moja inafuatwa na mbili huku, moja inafuatwa na moja kule. Mbili bado ni kubwa. Muhuru angekuwa juu tu."

"Dada, endelea na barua zako."

Nikaandika VAL, nikabonyeza. Orodha ikajipanga upya, kwa kasi tamu. Karungu, 985. Nikatafuta Muhuru Bay. Nikashuka, nikashuka, mpaka chini kabisa. Muhuru Bay: 0. Kisegi: 0.

"Sufuri?" Sauti ya Mama Milka ilifika stendi. "Miezi mitatu juani, tunafukuza korongo marabou kwenye omena, sufuri?"

Maranga akatazama saa yake. "Kama mashine imesema Karungu, basi ni Karungu. Nichapishie niende."

Mama Milka akasogea mlangoni, akasimama katikati, mikono huku na huku. Na mlango ule haukuwa mpana. "Pita, kama unaweza."

"Dakika tano!" nikapiga kelele. "Mzee, dakika tano tu!"

Kwa nini hawa wawili, na si wengine? VAL husoma tarakimu kutoka kushoto. Ikikuta kitu kisicho tarakimu, inaacha hapo hapo. Ikikikuta mwanzoni kabisa, inatoa sufuri. Sasa, kilo za Muhuru zinaanza na nini? Na moja. Za Kisegi? Moja. Wengine wote hawana moja hata ya dawa.

Nikakitazama kioo cha kijani kwa karibu, pua karibu iguse. Halafu nikaitazama kibodi. Mungu wangu! Taipureta kuukuu za chuoni hazikuwa na kitufe cha moja. Tulifundishwa kupiga herufi el ndogo, l, ukisoma kwenye karatasi ni moja tu. Na kwa mashine yangu herufi iko juu ya tarakimu, ndiyo maana Kisegi na el zake mbili alipanda juu!

Nikaziba kibodi kwa mkono wa kushoto kama mtu anayelinda sahani ya wali. Nikafuta el, nikaweka moja. Nikafuta nyingine. Nyingine tena. VAL. Panga.

Muhuru Bay, 1240!

Mama Milka alipiga kigelegele, wapiga debe wa stendi wakaja kuchungulia dirishani. Akanikumbatia, nikanuka omena mpaka Jumapili. Printa ikakwaruza karatasi, Maranga akaisaini akicheka.

"Lakini ilikuwa nini, Javan?"

"Virusi, mzee," nikasema, nikiegemea kiti. "Viliingia kwa diski iliyotoka Isebania. Mtu mwingine angehangaika wiki nzima. Nimeviua kwa mkono wangu mwenyewe."

Kiti cha nyuma kikalia. Edith alikuwa amegeuka, na sijui alikuwa amegeuka tangu lini.

"El tatu," akasema. "Nimeziona zote ukizifuta." Akakishika kidole changu cha pete, cha mkono wa kulia, kile tulichofundishwa kupigia el, akakiinua juu mpaka watu wa dirishani wakakiona. "Mama Milka, virusi vyenyewe ni hivi hapa."