Soda ya Mzee wa Kanisa

...na asali je, sista aitaje basi, aitaje leo hapa mbele za watu, maana ndizi mbivu amekwisha kuitaja, wali ameutaja, uji wa maziwa ameutaja, imebaki asali tu, na Emiliana amekaa kwenye benchi la kliniki ya sukari na mkoba wake magotini akiingoja hiyo asali kama mshitaki anayengoja shahidi wake aitwe, na ubavuni pake Bartolomayo, mumewe wa miaka thelathini na minne, ameunyoosha mguu wa kulia uliofungwa bandeji mpaka kifundoni, mguu ambao daktari akifika ataufungua na kusema kama unabaki au unakatwa, na mzee mwenyewe ametulia zake, kofia mkononi, anamsikiliza yule binti kwa heshima ileile anayosikilizia somo la kwanza kanisani... sista Anyitike, nesi wa kliniki, binti wa Mbeya, hawezi kumwacha daktari aanze kazi kabla hajawapa somo la lishe, "wazee wangu, sukari siyo ile ya kwenye kopo tu," anasema, na upepo wa mwezi wa saba unaingia dirishani na vumbi lake, baridi ya Dodoma hii haina adabu, inapenya mpaka kwenye mifupa ya watu wazima... itaje asali, mwanangu, itaje, Priska aisikie huko huko kijijini Haneti alipo. Priska, wifi yake, dada mkubwa wa mzee, aliyekuja mwezi wa nne akaitikia shikamoo bila hata kumtazama mwamkiaji, akaenda moja kwa moja kwenye friji ya watu, akaona chupa za soda ziro zimejipanga mlangoni na vifuniko vyao vyeusi, akajipiga paja, "Emiliana, ndugu yangu unamuua! Vitu vya maabara hivi ndivyo vinavyoleta kansa, hujasikia? Kikulacho ki nguoni mwako!" akamchukua mdogo wake kama anayechukua mali yake iliyoibwa, wiki mbili Haneti, vitu vya asili, togwa asubuhi, asali kwenye chai, asali kwenye uji, asali tupu ya kulamba, na akamrudisha na mwiba wa mgunga ndani ya unyayo, mtu kakanyaga mwiba katembea nao siku tatu hausikii, hausikii! mpaka soksi ilipoanza kunuka ndipo wakampigia simu mke, ah, hapo mke akakumbukwa, hapo Emiliana akawa na jina, naye tangu siku ile anayo maneno yake tayari kifuani, ameyapanga vizuri, daktari akiuliza tu imekuwaje atayamwaga yote, asali, togwa, Haneti, Priska, na mguu huu ukikatwa basi ujulikane umekatwa na nani.

Maana yeye alikuwa ameshaushika ugonjwa ule pembe, nani asiyejua pale mtaani kwao Kikuyu, na asiyejua aulize, mumewe ni mzee wa kanisa, kazi yake ni kutembelea nyumba za watu, huku mke na mume hawasemezani, kule kuna mgonjwa, huku mtoto anabatizwa, na kila nyumba anayoingia ni soda, mgeni wa heshima hapewi maji, maji anapewa fundi, na kuikataa soda ya mtu ni kuikataa nyumba yake, ukiikataa leo kesho wanasema mzee katudharau, kaona sisi si watu, basi Jumamosi moja nyumba tano, soda tano, za chungwa, nyekundu, zile tamu za kukwangua meno, akarudi amelegea, macho hayaoni saa ya ukutani, wakampima, ishirini na mbili, ishirini na mbili! daktari akauliza kama ametembea kwa miguu yake, ndipo Emiliana akaenda dukani kwa Hasani akauliza ile isiyo na sukari, akaleta chupa mbili, akamwekea mezani, na mzee akaisukuma kwa kidole, "Hii ya wagonjwa. Unataka kanisa zima liseme mzee wao kaoza?" na... lakini mwishowe aliinywa, si aliinywa, akaizoea, akaipenda, na Emiliana akapita nyumba kwa nyumba akiwanong'oneza akina mama, wakawa wanamwekea yake kwenye friji, wanaiita soda ya mzee, akiingia tu mtoto anatumwa, leta soda ya mzee, na sukari ikashuka mpaka tisa, tisa jamani, alipiga makofi siku ile, alimpigia Ernest Dar es Salaam kumwambia baba yako kapona... ndiyo, halafu ikaanza kupanda tena, lakini hiyo ilikuwa chapati, mwanamume akishaona soda yake ni ziro anajiona ana ruhusa, chapati mbili ziwe nne, "huku nimepunguza, mama, huku niongeze," atamfanya nini, amfunge mdomo kwa kamba? "Na asali, wazee wangu," anasema sista, na Emiliana anajisogeza mbele, "asali nayo ni sukari," haya! haya sasa! anampiga mzee kiwiko, "Umesikia, Baba Ernest?" na mzee, bila kugeuka, "Nimesikia," na mama mmoja wa Kondoa, Bi Joha, jirani yao wa kila kliniki, anauliza kwa unyonge, "Hata ile ya nyuki wadogo?" "Hata ya nyuki wadogo, mama," benchi zima linacheka, na Emiliana anacheka kuliko wote, kicheko kinamtoka kama pumzi iliyobanwa tangu mwezi wa nne, Priska, umekwisha, umekwisha mama.

"Na hizi soda ziro je, sista?" ni Bi Joha tena, mwanamke hachoki, "mwanangu Masudi ananiletea, wengine wanasema nzuri, wengine wanasema sumu," na Emiliana anakaa sawasawa, haya, hapo pia wasikie, na sista anavuta kiti, anakaa, anawatazama, "Sikilizeni niwaambie nijuavyo. Ile haina sukari, kweli. Mtu aliyekuwa anakunywa soda ya kawaida kila siku akahamia ile, amejipunguzia mzigo, simlaumu. Mambo ya kansa wataalamu bado wanayachunguza, sitawatisha kwa nisichokijua. Lakini haiteremshi sukari. Sikieni hapo. Sukari iliyomo mwilini inabaki palepale. Siyo dawa, na ulimi ukiuzoesha utamu utadai utamu. Kiu ni maji," na watu wanaguna, wanaelewana, Bi Joha anasema ahsante, na lile neno limebaki hewani, haiteremshi, haiteremshi, liondoke basi, sista aendelee, aseme habari za mlenda, aseme mazoezi... kwani nani kasema inateremsha, watu gani hao wajinga... wewe. Wewe Emiliana. Jikoni, jioni ile ya chupa mbili, alipoisukuma kwa kidole, ulikuwa umechoka, umesimama tangu alfajiri, ulitaka anywe tu, anywe mambo yaishe, ukamwambia, "Baba Ernest, hii siyo ya wagonjwa, hii ni dawa, inaiteremsha sukari, nesi mwenyewe kaniambia," ukamtunga mpaka nesi, ukampa na sauti, na mzee akaiangalia ile chupa upya, akaifungua, akanywa, akasema tamu, na ulifurahi, usidanganye, ulifurahi kama mtu aliyemlaghai mtoto akameza kwinini, ulijua utakuja kumweleza vizuri baadaye, kesho, keshokutwa, halafu kwenye sala ya nyumba kwa nyumba mzee akasimama akashuhudia, akasema Mungu ni mwema, hata kwenye soda ametuwekea dawa, na akina mama wakasema amina, nawe ukatazama mapaja yako ukaokota kiuzi kisichokuwepo.

Basi na hizo bahasha... asifikirie bahasha, leo ni mguu, leo ni asali, lakini bahasha zimekwisha kufika, haziombi ruhusa, Jumamosi iliyopita analipiga brashi koti la mzee la kanisani akasikia kitu kinachakarika kwenye bitana, akaingiza mkono, bahasha ndogo za dirisha la dawa, moja, mbili, tano, nane, zimejaa vidonge vyote, zimeandikwa kwa kalamu moja asubuhi moja jioni, na tarehe, ya juu kabisa Machi, akazipanga kitandani, Machi, Februari, Januari, akashuka nazo mpaka Agosti ya mwaka jana, Agosti ni mwezi mmoja tu baada ya zile chupa mbili, mtu alikuwa na dawa tamu kwenye friji, ya nini tena kumeza zinazomchafua tumbo, alikuwa anazichukua dirishani ili mke asigombe, anazitia kwenye koti, anakunywa soda, na miguu ikafa ganzi Agosti, Septemba, Krismasi, kabla ya Haneti, kabla ya togwa, kabla ya tone moja la asali ya Priska, mwiba ule ungemwingia popote, ungemwingia hata hapo uani kwao, na Emiliana alifanya nini, alizirudisha bahasha kwenye bitana akalitundika koti, na leo asubuhi pale mapokezi walipomuuliza vidonge anameza, alijibu kabla mzee hajafumbua mdomo, "Anameza." Njia ya mwongo fupi, akina mama humwimbia mtoto hivyo wakicheka.

"Sista," na hii ni sauti ya mzee, taratibu, sauti ya kufungulia sala, "kwa hiyo anayekunywa ile soda, vidonge haifai aviache?" na sista anasimama, anauangalia mguu, anamwangalia usoni, "Mzee wangu. Uliacha vidonge?" "Niliacha." "Tangu lini?" "Mwaka jana, mwezi wa nane." "Nani alikwambia uache? Nani alikwambia soda ni dawa?" na hapo Emiliana maneno yake yote ya kifuani yanayeyuka, asali, togwa, Haneti, hana hata moja, anaona mikono yake imeushika mkoba, anajua mzee atageuka sasa, ana haki ageuke, na ageuke tu, itakuwa nafuu, lakini mzee anaipindua kofia anaangalia ndani yake, miaka yote hii hajamsikia akisema uongo hata wa kumfukuza mgeni, anasema, "Hakuna aliyeniambia, sista. Niliyatunga mwenyewe, kwa ulafi wangu," na mtu huko nyuma anapasua kicheko, na wengine wanafuata, mzee mzima! na sista amekasirika, ana haki, anamsema mbele za watu kama anavyosemwa mtoto wa shule, mzee mwenye akili zake, mwenye mke wa kumwandalia kila kitu, angalia sasa ulivyomchosha mama wa watu, na mzee wa kanisa, ambaye vijana humwinukia viti, anaitikia, ndiyo mwanangu, ni kweli mwanangu, na Bi Joha anamgusa Emiliana bega, "Pole mwenzangu, wanaume ndivyo walivyo," sema, sema sasa, neno moja tu, ni mimi, mdomo umefunguka kabisa, hewa imeingia, na kwa nje ya mlango daktari bado hajafika, na mguu bado umenyooshwa palepale, na Emiliana anamjibu Bi Joha, "Ahsante," anaufumba mdomo, anamwacha mumewe achekwe.